Umenona, Mdogo Wangu

Liniers, Buenos Aires
9 Oktoba 2005

Dada Saturnina,

Nakusalimu wewe na shemeji Fortunato, na wote wa hapo sokoni wanaoniulizia. Hata Casimira mpe salamu zake, ingawa najua hatazirudisha. Huku sisi ni wazima kabisa. Roxana anafanya vizuri kwenye cherehani, siku hizi wanampa makoti ambayo zamani walikuwa hawanipi hata mimi mama yake, na anatamba nyumbani kama yeye ndiye aliyenizaa. Baridi imeisha na miti ya mtaani kwetu imeanza kuchanua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenyewe iko kwenye kibanda cha wifi yako. Nikitamka neno "matiti" kwenye simu ya Casimira, kabla hujafika kwenye meza yako ya viazi soko zima la Rodríguez litakuwa limeshanizika.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye kituo chetu cha afya wametuita wanawake wote tuliokoma hedhi. Nesi akatueleza kwamba mwili ukishafika umri wetu, mafuta ndiyo yanayotengeneza ile homoni iliyokuwa ikitengenezwa kwenye ovari. Mafuta yakizidi, homoni inazidi, na homoni hiyo inaweza kulisha saratani ya titi. Kwa hiyo hizi kilo tunazojiongezea uzeeni, za kiunoni hasa, si pambo. Mwanamke mmoja wa kwetu, wa Oruro, akauliza, "Na sisi tuliozaliwa wanene, dada, tufanyeje?" Nesi akamjibu, "Mama yangu, hakuna aliyezaliwa na tumbo hilo." Tulicheka mpaka tukasahau tumeitiwa nini.

Lakini njiani kurudi sikucheka tena, maana nilimfikiria mama. Wewe sasa una umri ule ule aliokuwa nao alipoanza kushika titi lake akidhani hatumwoni. Na tangu hedhi yako ikome umeongezeka, dada. Usikasirike, niliona picha za ubatizo.

Mimi natembea kila asubuhi kuzunguka bustani na wenzangu kabla ya kukaa kwenye cherehani. Naomba mambo mawili tu kwako. Tembea, punguza huo uzito. Na nenda hospitali ukapigwe picha ya matiti, hata kama huna maumivu yoyote. Mimi mwenyewe nimepangiwa mwezi ujao.

Mdogo wako,
Hilaria


La Paz
4 Novemba 2005

Hilaria mdogo wangu,

Barua imefika na nimeisoma chooni, pahali pekee ambapo Casimira hawezi kuchungulia. Sisi hatujambo. Fortunato goti lake linamsumbua na mdomo wake unanisumbua mimi. Siku ya marehemu tulimwekea mama meza yake, mikate ya sura ya mtoto, miwa, na supu ya karanga aliyoipenda. Casimira akaja kumwombea mama, akakaa, akala kuliko marehemu.

Sasa umeniita mnene kwa barua, na stempu juu. Nimemsomea Fortunato kipande hicho. Akasema, "Mwambie mdogo wako asinipunguzie mke. Nilimchukua mzima, namtaka mzima." Wewe umekaa mno huko kwa watu wanaokula majani. Umesahau kwamba hapa mwanamke wa sketi pana akikonda, swali la kwanza ni anaumwa nini, na la pili ni kama mumewe anampiga. Nani atanunua viazi kwa mwanamke aliyekonda? Watasema hata yeye mwenyewe hali.

Na kuna jambo jingine. Mama mwishoni tulikuwa tunamgeuza kitandani kwa mkono mmoja, unakumbuka. Tangu siku ile nikiona mifupa ya mtu naogopa. Mimi nilipoanza kuongezeka nilifurahi, Hilaria. Nilijiona nakwenda mbali na kile kitanda.

Hata hivyo nimekusikia. Nimejiunga na kundi la kucheza ngoma ya morenada kwa ajili ya sikukuu ya Bwana wa Nguvu Kuu mwezi wa Juni. Viongozi wametuanzishia mazoezi wanawake mapema, kwa sababu mwaka jana baadhi yao waliishiwa pumzi kabla ya kufika mbele ya jukwaa na kundi likachekwa. Tunacheza kupanda mtaa na beni nyuma yetu, na mtaa wenyewe unaujua ulivyosimama. Siku ya kwanza niliona nyota mchana. Pia nimeacha kupanda basi kutoka sokoni, nakwenda nyumbani kwa miguu na mzigo wangu mgongoni.

Kuhusu picha, nitakwenda. Si sasa. Na usiniulize kwa nini.

Dada yako,
Saturnina


Liniers
18 Desemba 2005

Dada,

Pokea salamu zangu na za Roxana. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo lililochelewa, na kosa si la posta. Kulikuwa na mambo ya kwenda na kurudi, na kazi za kufunga mwaka. Joto la huku sasa halina adabu. Roxana amenunua feni, inageuza joto kutoka upande huu kwenda upande ule.

Umenifurahisha sana na hiyo ngoma. Kupanda mtaa ule kwa kucheza ni zaidi ya kutembea kwangu mimi kwenye bustani tambarare. Usiache hata wakikucheka.

Picha yangu nilipiga Novemba, kama nilivyosema.

Dada, hujaniambia kwa nini si sasa. Nakuomba uende. Siandiki hivi kwa kujaza karatasi. Kucheza ni jambo moja na picha ni jambo jingine, na la kwanza haliwezi kufanya kazi ya la pili. Nesi alilisema hilo tangu mwanzo na mimi ndiye niliyekuandikia kwa haraka bila kulikazia. Mashine inabana titi, inauma kidogo, unavaa nguo, unaondoka. Ni kazi ya dakika chache.

Krismasi tutakula nyumbani, sisi wawili tu. Mle vizuri na nyie.

Hilaria


La Paz
29 Januari 2006

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka. Tuko hai, mvua inatutesa, na jana maji yalishuka na magunia mawili ya jirani yangu mpaka chini kwa wauza samaki. Viazi vikavu vyangu vimepona kwa sababu mimi huviweka juu ya kreti, na majirani walikuwa wakinicheka kwa hilo.

Basi sikia kisa. Nimepungua, Hilaria. Sikuwa na habari mpaka siku moja nikiwa namhudumia mteja sketi ikaanza kuteremka. Nikaidaka na kiwiko, mkono mmoja kwenye mizani, mteja haoni kitu. Kupanda ngazi za kwetu sipumziki tena pale katikati. Magoti yamenyamaza. Kwenye mazoezi kiongozi wetu amenitoa mstari wa nyuma akaniweka wa pili.

Lakini soko halilali. Alianza mama wa vitunguu. "Saturnina, nyumbani kwema?" Nikasema kwema. "Hapana, nauliza tu." Akaja wa jibini. "Shoga, kama Fortunato ana mwanamke, tuambie, sisi tupo." Mteja wangu wa miaka yote kutoka Achacachi hakubishana bei. Alilipa, akanishika mkono, akaniambia ataniombea. Sijawahi kutukanwa namna ile. Mwishowe Casimira mwenyewe akaniletea mchuzi wa kichwa cha kondoo kwenye sufuria, akasimama mbele yangu. "Kunywa, wifi. Usitufiche. Mama yako naye alianza hivi hivi." Nilikunywa, maana ulikuwa mtamu, lakini usiku ule nilijipapasa mwili mzima nikiogopa.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na usimwambie mtu. Navaa magagulo ya ziada. Ndani ya sketi nimejaza kitambaa kiunoni pande zote mpaka nimerudi kuwa Saturnina wao. Wamenyamaza. Wa jibini ameniambia, "Sasa umerudi kama mtu." Na mimi chini ya hayo yote natembea nikiwa mwepesi, natokwa na jasho.

Kuhusu lile jambo lako, mbona hukuniambia picha yako ilisema nini? Nadhani haikusema kitu, ndiyo maana umepita juu juu. Ashukuriwe Mungu. Unaona sasa kwamba kutembea kunatosha? Mimi yangu bado, na bado maana yake ni bado. Nitumie picha yako ya sura nikuone, wewe uliyeanzisha haya yote. Lazima umekuwa kama ufito.

Saturnina


Liniers
12 Machi 2006

Dada yangu,

Komadre wako Petrona, uliyemsimamia mtoto wake ubatizo, anaondoka kesho na basi kuja huko, amekaa hapa jikoni anasubiri nimalize, kwa hiyo naandika kwa haraka. Samahani kwa ukimya. Barua yako ya Januari ninayo chini ya mto, na kisa cha sketi na mizani nimesomewa na Roxana mara nyingi, kila mara nacheka pale pale. Mkono wangu wa kulia unachoka siku hizi, ndiyo maana mwandiko umelala.

Picha uliyotaka anayo Petrona. Utaona nimeongezeka. Usinicheke. Asubuhi natembea na Roxana mpaka kona, na siku nikijisikia vizuri mpaka bustanini.

Dada, umekwenda? Kama hujakwenda, nakusihi kwa jina la mama, nenda. Petrona anaitafuta kofia yake. Naishia hapa.

Hilaria


La Paz
20 Aprili 2006

Umenona, mdogo wangu!

Nimeanza na hilo, salamu zitafuata nyuma. Petrona alinikabidhi picha huku anatazama pembeni, nikadhani kuna baya. Kumbe. Mashavu hayo! Uso umejaa mpaka umekuwa kama wa shangazi Leandra siku zake za neema. Na hicho kitambaa cha kichwani kimekukaa vizuri, ingawa sijui tangu lini umeacha kuonyesha nywele zako ulizokuwa ukijivunia. Nimeizungusha picha soko zima. Wa vitunguu akasema, "Huyo ndiye aliyekwenda akiwa na mifupa tu? Kweli huko kuna ulaji." Wa jibini akasema, "Sasa huyu ana afya, siyo kama ulivyokuwa…" akanitazama, akakatiza. Hata Casimira akakubali kwamba Buenos Aires inakutunza. Nimeibandika kwenye nguzo ya kibanda changu, juu ya mizani, kila anayepimiwa viazi akuone.

Nikajisemea, tazama mambo. Aliyenihubiria nikonde anakula kwa siri. Ningekuwa karibu ningekufinya hayo mashavu.

Wote hatujambo. Pasaka imepita salama. Fortunato ameanza kulalamika kwamba usiku anakosa mahali pa kuegemea, maana magagulo nayavua nikilala.

Na kwa kuwa leo nina furaha nitakuambia ulichokuwa unaniuliza. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwenye kanisa la Bwana wa Nguvu Kuu nikamwekea ahadi. Nilimwambia, nitakuchezea miaka mitatu, kama wanavyokuchezea wote wenye shida, na wewe ulinde matiti yangu. Miaka mitatu, Hilaria. Mwaka huu ni wa kwanza. Sasa nikienda kwenye mashine katikati ya ahadi, nitakuwa namkagua Bwana kama mteja anayebonyeza viazi vyangu kuona kama vimeoza. Huwa namwambia mteja wa namna hiyo, "Kama huniamini, nenda kwingine." Je, Yeye naye akiniambia hivyo? Nikimaliza mwaka wa tatu nitakwenda kwenye hiyo picha kwa moyo mweupe.

Mpaka hapo najisikia mzima, nacheza, nimepungua kama ulivyotaka. Wewe unatembea na huna kitu. Mimi nacheza na sitakuwa na kitu. Tulia.

Saturnina


Liniers
7 Mei 2006

Dada Saturnina,

Nilianza barua hii mara nyingi na nyingine zote zimekwenda jalalani. Leo Roxana amenifungia ndani, amesema hatoki na sitoki mpaka niimalize. Kwa hiyo kwanza keti. Kama uko chooni, keti hapo hapo.

Picha ya Novemba ilionyesha kitu kwenye titi la kulia. Kilikuwa kidogo. Mimi sikukisikia kwa mkono, daktari naye hakukisikia kwa mkono, mashine tu ndiyo iliyokiona. Ni ugonjwa ule ule wa mama. Walinipasua kabla ya Krismasi, wakatoa sehemu ya titi na tezi za kwapani, ndiyo maana mkono unachoka. Tangu Januari nawekewa dripu. Nywele zimekwisha, hicho kitambaa ulichokisifu kimefunika upara. Na mashavu uliyotaka kuyafinya, dada, ni dawa. Dawa zimenivimbisha uso, na kuongezeka huku kote ni kukaa kitandani bila kwenda popote. Ulipokuwa unanipitisha sokoni uwaonyeshe nilivyo na afya, mimi nilikuwa natapika kwenye beseni. Petrona alijua. Nilimwapisha asiseme.

Najua umekasirika. Kasirika, lakini sikiliza kwa nini nilinyamaza.

Niliogopa utaniambia: aliyetembea ndiye aliyeugua, basi kutembea ni upuuzi. Ungerudi kwenye basi, ungerudi kwenye ule uzito, na mimi ndiye ningekuwa nimekurudisha. Nilikwenda kwa nesi nikamrushia maneno mazito. Nikamwambia, "Mimi nilitembea. Sikuwa mnene. Ulitudanganya." Hakubishana. Akavuta kiti akakaa. "Sikukudanganya, mama. Niliwaambia anayetembea na kutunza uzito wake anapunguza hatari. Sikusema anaifuta. Wewe mama yako aliugua, na hata wasio na mama mgonjwa wanaugua. Kutembea kumekusaidia mwili uvumilie hizi dawa. Picha ndiyo iliyokuwahisha." Nilimchukia siku nzima. Halafu nikaona kwamba bila ile picha ningekuwa bado nazunguka bustani na kitu changu kikikua, nikijisifu.

Hivyo ndivyo unavyofanya wewe sasa. Miaka mitatu, dada. Nilipoisoma sentensi hiyo nilitaka kupanda basi nikiwa na sindano mkononi. Kitu changu kilitoka kutoonekana mpaka kupasuliwa ndani ya mwezi mmoja, na wewe unataka kukaa miaka mitatu kwa sababu ya heshima.

Mimi sishindani na ahadi yako. Cheza, na ucheze mwaka wa pili na wa tatu, mwili wako utashukuru. Lakini umeongeza kitu ambacho hukumwambia Bwana. Ulimwahidi kucheza. Hukumwahidi kujificha.

Na kama unaogopa, sema unaogopa. Mimi niliogopa. Bado naogopa sasa hivi ninavyoandika. Naogopa zaidi kwako kuliko kwangu, kwa sababu changu kimeshaonekana.

Daktari anasema naendelea vizuri, dripu zimebaki chache. Siwezi kukuandikia kwamba mimi ni mzima, na ukitazama barua zangu tangu Desemba utaona sikuandika.

Nenda, Saturnina.

Hilaria


La Paz
15 Juni 2006

Hilaria,

Nimezitazama. Kweli hukuandika. Ningekuwa msomaji mzuri ningeona tangu Desemba, lakini mimi barua huzisoma kutafuta pa kuchekea.

Nilikukasirikia mpaka nikashindwa kula, na safari hii nilipungua kweli. Picha yako nimeibandua kwenye nguzo. Casimira akaona. "Wifi, mbona umemtoa mdogo wako?" Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yangu. Nilingoja alipeleke soko zima. Badala yake akawatoa wateja kwenye kibanda chake cha simu, akanisukumia ndani akasema, "Mpigie. Mimi niko nje, na sisikii." Akafunga mlango. Nilishika simu, nikabonyeza namba zako zote isipokuwa ya mwisho. Nilijua nikisikia sauti yako nitapiga kelele, na sikujua kelele zenyewe zingekuwa za matusi au za kilio. Nikatoka. Casimira hajamwambia mtu mpaka leo. Hilo nalo limenitisha.

Halafu nikakaa na ule mstari wako wa kujificha. Nikakukasirikia upya kwa kuwa ulikuwa wa kweli. Sikuwa nalinda heshima ya Bwana. Naogopa, Hilaria. Nimeogopa tangu kitanda cha mama, na nilipata pahali pazuri pa kuuweka woga wangu, penye beni na mavazi ya kumeta, ambapo hakuna mtu angenihoji.

Nilikwenda siku mbili kabla ya sikukuu. Kwanza wakataka kunipima uzito. Nesi, binti mdogo, akasema nipunguze nguo, nikaanza kuvua magagulo, na vitambaa vya kiunoni, na yeye amesimama na kalamu anangoja. "Mama, umemficha nani humo ndani?" Tukacheka wote wawili. Nilipopanda kwenye mizani akatazama, akanitazama mimi. "Mbona uko vizuri hivi? Watu wa umri wako ningependa wote wawe hivi." Miezi yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilitaka kukuandikia pale pale, nikakumbuka hali yako nikaacha. Mashine inauma zaidi ya ulivyosema.

Majibu wakasema Jumatano. Kwa hiyo Jumamosi nilicheza sijui nina nini kifuani. Nilicheza kutoka asubuhi mpaka giza, kupanda na kushuka, kayamba mkononi, bila vitambaa vyovyote. Watu waone walichotaka kuona. Kiongozi alinisogeza mstari wa kwanza. Sikumwomba Bwana kitu kwa ajili yangu. Nilikuwa na jina lako tu mdomoni, na kila beni iliponyamaza nilisikia wa pembeni yangu akiuliza, "Unasema nini?"

Barua hii anatangulia nayo Petrona. Mimi nafuata wiki ijayo, meza ya viazi nimemwachia Casimira. Nitakaa mpaka dripu ya mwisho. Asubuhi tutakwenda mpaka kona, na ukiweza mpaka bustanini, na ukichoka nitakubeba mgongoni kama gunia. Naweza sasa. Na hayo mashavu sitayafinya.

Jana nilikwenda kuchukua majibu. Yule yule binti akafungua bahasha, akasoma, akatabasamu. "Huna kitu, mama. Safi pande zote mbili. Urudi baada ya mwaka mmoja." Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia, "Angalia vizuri, mwanangu. Mnene nilikuwa mimi. Niliyepanda basi mimi. Mdogo wangu alikuwa anatembea." Hakuelewa. Akanisogezea karatasi nione jina langu, nikaliona.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mlinzi akaja akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa. Nimeambiwa mimi ni mzima.

Dada yako,
Saturnina